Kikundi gani kitafungua faili lako? WordPress, Figma, GDG, WhatsApp au kijiwe cha kuprinti

Ndani ya wiki mbili nimeulizwa swali moja na watu wawili. Mmoja dogo wa chuo mwaka wa pili, mwingine jamaa ana duka la steshenari Tabata anatengeneza kadi za harusi, vipeperushi vya makanisa na mabango, wote wanataka kujua hapa Dar wajiunge na kundi gani la watu wa dizaini na websaiti. Niliwajibu juu juu na jibu lenyewe lilikuwa lilelile kwa wote, ndo maana limenikaa rohoni, kwa sababu dogo anatafuta kuajiriwa miaka miwili ijayo na huyu wa Tabata ana mteja anakuja saa kumi leo kuchukua bango lake, sasa hawa unawawekaje kwenye kapu moja. Nimeamua kuyapanga makundi ubavu kwa ubavu tuyaangalie, halafu kila mtu aone la kwake.

Nina kipimo kimoja tu. Ukifika pale na faili lililokugomea, kuna mtu atalifungua? Simaanishi kukwambia "cheki YouTube" au kukuwekea kopa la moto, namaanisha kulifungua kabisa, aingie ndani, aguse, akwambie tatizo hili hapa. Fulana, stika, soda na picha ya pamoja mbele ya projekta ni vizuri, mimi mwenyewe nina fulana sita za hivyo na moja ndo ya kulalia, lakini hakuna fulana iliyowahi kunitengenezea websaiti ya mteja.

WordPress na WhatsApp, tatizo moja makundi mawili

Naanza na hizi mbili pamoja kwa sababu nilizijaribu siku zilezile kwa tatizo lilelile, sikupanga, ilitokea tu.

Nilikuwa na websaiti ya shule ya chekechea, nimeijenga kwa WordPress, programu ya bure ya kutengenezea websaiti. Alhamisi asubuhi mwenye shule ananipigia, "mwalimu, mbona tovuti yetu imeandika Kiingereza?" Nafungua nakuta sentensi moja tu, kwamba kuna hitilafu kubwa, basi, ukurasa mzima mweupe. Sasa WordPress ikipata shida ya namna hiyo huwa inatuma imeili kwa admini yenye linki ya kuingilia mlango wa nyuma, ila imeili iliyosajiliwa ilikuwa ya karani aliyeshaacha kazi pale na hapokei simu. Nikaandika kwenye kundi la WhatsApp, kundi limejaa mpaka ukingoni, na WhatsApp ukingo wake ni watu 1,024. Majibu niliyopata kwa siku mbili: mmoja kasema rudisha bakapu, wa pili kauliza bakapu ni nini, wa tatu kasema hama hiyo hostingi, yaani pale websaiti inapokaa, njoo kwangu nakufanyia elfu themanini kwa mwaka, wa nne katuma tangazo la semina ya forex, admini kamtoa wa nne, watu wakabishana kuhusu kutolewa kwa wa nne mpaka saa sita usiku. Faili langu halikufunguliwa na mtu.

Jumamosi nikaenda kikao cha WordPress. Tulikuwa kama kumi na tatu. Wakati wa maswali nikanyoosha mkono kwa aibu maana mada ya siku ilikuwa kitu kingine kabisa, dada mmoja akasema lete laptopu. Akaingia kwenye hostingi, akafungua wp-config.php, faili la mipangilio, akabadilisha WP_DEBUG, swichi ya kuonyesha makosa, kuwa true, akarifreshi, ukatokea mstari mrefu na katikati yake jina la plagini, yaani nyongeza, ya slaidi za picha ambayo niliiweka mwenyewe miaka minne nyuma na sijawahi kuiapdeti. Watu wa hostingi walikuwa wamepandisha PHP, lugha inayoendesha WordPress, kutoka 7.4 kwenda 8 na ile plagini ya kizamani ikakataa. Akaingia kwenye fulda la plagini akalibadilisha jina, websaiti ikarudi. Akarudisha WP_DEBUG kuwa false, akasema "hii usiiache wazi, wageni wataona mambo yako", akanirudishia laptopu. Dakika kumi na kitu hivi, na sikulipa kitu.

Ndo maana nasema kama mkate wako unatoka kwenye websaiti za wateja wadogo, mashule, lodji, makampuni ya safari za Kilimanjaro na Zanzibar, nenda WordPress. Hesabu yenyewe nyepesi, hiki kitu kipo tangu 2003 na zaidi ya asilimia 40 ya websaiti zote duniani zinakitumia, kwa hiyo tatizo lako kuna mtu kwenye chumba kile lilishamlaza macho. Halafu muundo wao unasaidia. Ada ya kuweka kikundi kwenye Meetup, mtandao wa kupangia vikao, inalipwa na mpango wa jamii ya WordPress wenyewe, waandaaji ni wa kujitolea, kuingia ni bure au hela kidogo sana, na kikao hakitakiwi kuwa duka la kampuni ya mtu. Hata yale makubwa yanayoitwa WordCamp, ambayo Nairobi na Kampala wameshayafanya, wazungumzaji hawalipwi. Hii inapunguza wale watu wa "nicheki baada ya kikao nikuuzie kozi". Haiwamalizi, inawapunguza.

Ubaya wake nausema pia. Wageni hawaishi kuja, kwa hiyo karibu kila kikao lazima mtu aeleze tofauti ya domeini na hostingi, ukishakaa mwaka unaweza kusinzia. Na upande wa dizaini ni mwepesi, wengi tunaishia kuchukua Elementor, plagini ya kupangia kurasa, na templeti tunabadilisha rangi na logo, ukileta swali la nafasi kati ya mistari au kwa nini macho ya mtu yanaanzia kona fulani unaangaliwa kama umeuliza swali la dini. Kingine ni themu za kulipia zinazogawiwa bure, zile zilizovunjwa. Kikundi kinachojiheshimu kitakukatalia palepale kwa sababu nyingi zimewekewa vitu ndani, mwezi haujaisha websaiti ya mteja inauza dawa za nguvu za kiume bila yeye kujua. Ukikuta kikundi wanagawana hizo kwa flashi, ondoka.

Turudi WhatsApp, maana sitaki ionekane namchukia mtu. Yale makundi yana kazi zake tatu nazozijua. Kazi ya kwanza bei, ukitaka kujua websaiti ya kurasa tano watu wanachaji ngapi mwezi huu, uliza pale, utapata kuanzia laki na nusu mpaka milioni mbili na utajua uko wapi. Kazi ya pili ni deal za ghafla, "nahitaji mtu wa Laravel leo leo". Ya tatu, na hii ndo kubwa, mambo ya malipo ya kwetu. Mafunzo ya mtandaoni yote yanakufundisha Stripe, malipo ya kadi ya huko nje, wakati mteja wa mteja wako anakaa Mbagala analipa kwa M-Pesa, Airtel Money au Mixx by Yas ile iliyokuwa Tigo Pesa, na jinsi ya kuunganisha hivyo na duka lako la WooCommerce, plagini ya duka ya WordPress, hutaipata kwa Mhindi wa YouTube hata angekuwa mkarimu vipi. Kenya wenzetu wana Daraja ya Safaricom, mfumo wa kuunganisha M-Pesa na websaiti, na mafunzo yake kibao, huku kwetu bado mengi yanapatikana kwa kumuuliza mtu aliyeshapita njia hiyo, na huyo mtu mara nyingi yuko WhatsApp.

Ila kama unaenda huko, vitu vidogo viwili. Ukituma dizaini yako kama picha WhatsApp inaibana, inafika imekufa, halafu watu wanakosoa ukungu badala ya dizaini, itume kama dokumenti. Na kama una uchaguzi kati ya kundi la WhatsApp na la Telegram lenye watu walewale, chukua Telegram, kwa sababu mgeni anaweza kutafuta na kusoma mazungumzo ya nyuma kama admini hajafunga, kule WhatsApp mgeni kwa kawaida anaingia kama mtoto aliyezaliwa leo, swali la juzi linaulizwa upya na anayejua jibu alishachoka kulijibu.

Na kuna hili ambalo wanaume hatulisemi. Dada akijiunga na lile kundi kubwa, kesho yake ana meseji tano za pembeni na hakuna hata moja inayohusu CSS. Nimeambiwa na wadada watatu wasiojuana. Vikao vya ana kwa ana vya WordPress na GDG, wale madevelopa wa Google nitakaowafikia chini, vina kanuni za maadili zilizoandikwa na kuna mtu wa kumfuata ukisumbuliwa, haimaanishi hakuna wasumbufu, ila kuna mlango wa kugonga. Mdogo wako wa kike akikuuliza aanzie wapi, ukumbuke hilo kabla hujamtumia linki.

Figma, huku faili linafunguliwa lenyewe

Figma, programu ya kudizaini skrini za aplikesheni na websaiti, ni stori nyingine kabisa kwa sababu ya kitu kimoja, inakaa kwenye brauza. Tangu ilipoachiwa kwa watu wote 2016 mpaka leo hujasikia mtu anasema "mimi sina toleo hilo" au "faili lako kwangu halifunguki". Kwenye kikao unatupa linki kwenye skrini, dakika moja vishale vya rangi kumi na mbili vyenye majina ya watu vinatembea ndani ya kazi yako. Kwa kipimo changu hili kundi limeshashinda kabla kikao hakijaanza, sema inategemea kama una ngozi ngumu.

Mimi mara ya kwanza nilipeleka skrini za aplikesheni ya vikoba. Niliona nimemaliza dunia. Mtu wa kwanza kasoma majina ya leya zangu kwa sauti, "Rectangle 47, Rectangle 48, Rectangle 48 copy", chumba kizima kikacheka na mimi nikacheka kwa kulazimika. Wa pili akafanya kitu ambacho sijakisahau mpaka leo. Alibofya kitufe changu kilichoandikwa Checkout akafuta akaandika Kamilisha malipo. Maneno yakamwagika nje ya kitufe. Akaenda Settings akaandika Mipangilio, ikagusa ikoni ya pembeni. Akaniuliza, "hawa mama wa vikoba wanasoma lugha gani?" Nikanyamaza. Akanionyesha Auto Layout, kile kitu kinachofanya kitufe kitanuke chenyewe kufuata maneno, na akaniambia dizaini kwanza kwa Kiswahili ndo utafsiri kwenda Kiingereza, usifanye kinyume, maneno yetu yanahitaji nafasi. Kozi ya kulipia niliyokuwa nimemaliza wiki hiyo haikuwa na sentensi hata moja ya namna hiyo, ingetoka wapi, mwalimu yuko California.

Kwa hiyo ukitaka kazi ya kuajiriwa, benki, kampuni za simu, zile kampuni za kukopesha na kutuma hela, huku ndiko. Hao wote wanakuuliza Figma. Wana mtandao wao unaitwa Friends of Figma, vikundi vya kimji vinavyoendeshwa na watu wa kujitolea, tafuta jina hilo na jina la mji wako uone kama kipo hai. Mpango wa bure unatosha kujifunzia na mwanafunzi anaweza kuomba ule wa elimu bila kulipa.

Ugonjwa wao ni urembo. Watu wanaredizaini aplikesheni za watu ambao hawajawaomba, potifolio imejaa skrini za benki zenye salio la dola elfu kumi na mzungu anatabasamu kwenye kiduara, lakini ukiuliza mtandao ukikatika katikati ya malipo mtumiaji anaona nini, kimya. Madevelopa huko ni wachache, kwa hiyo hamna wa kukwambia kwamba hicho kivuli ulichoweka kitamtesa mtu wiki nzima. Halafu bando, wajameni. Watu kumi kwenye faili moja lenye mapicha wanakula waifai kama mchwa, nimeshakaa kwenye kikao kimoja mtandao ulikufa saa tano asubuhi na ukawa ndo mwisho wa kikao, tukala sambusa tukaondoka. WordPress unaweza kuiendesha kwenye laptopu yako bila intaneti kabisa ukaendelea, huku huwezi.

Kuna watu wananiambia usijiunge na kundi la chombo kimoja kwa sababu vyombo vinakufa. Wana hoja. Wazee wa kazi wanakumbuka kampuni ya Macromedia, Adobe wenye Photoshop waliinunua 2005 kwa dola bilioni 3.4, pamoja na programu zake za Dreamweaver, Fireworks na Flash. Fireworks ikaachwa 2013, Muse ya Adobe wenyewe ikaachwa, Flash ikazimwa rasmi 31 Desemba 2020 na watu waliokuwa wamejifunza ActionScript, lugha ya Flash, kwa miaka wakabaki na daftari. XD, mpinzani wa Figma kutoka Adobe, nayo leo iko kama gari lililopaki, haijafutwa ila hamna jipya. Septemba 2022 Adobe wakasema wanainunua Figma kwa dola bilioni 20, Desemba 2023 dili likavunjika kwa sababu ya wasimamizi wa ushindani Ulaya na Uingereza, Adobe wakalipa bilioni moja ya kuvunja ahadi, mahari bila mke. Sasa jiulize, kama lile dili lingepita makundi ya Figma yangekuwaje? Mimi sijui na sijali sana, maana aliyenifundisha kuandika Kamilisha malipo angenifundisha hata kwa penseli. Ukifika kikao cha kwanza angalia kama watu wanaongelea kazi zao au wanaongelea vitufe vya programu tu. Wanaoongelea kazi watahama pamoja chombo kikifa.

GDG, kwa ufupi

GDG, yaani Google Developer Groups, ni vikundi vya madevelopa vinavyosapotiwa na Google, zamani waliitwa GTUG. Ni vikubwa, vina watu, vina DevFest, mkutano wao mkubwa, kila mwaka miezi ya mwisho mwisho, na vya vyuoni tangu 2024 vinaitwa GDG on Campus. Android, Flutter, Firebase, klaudi, na siku hizi ni AI asubuhi AI mchana. Kwa dizaina wa grafiksi kuna kidogo sana. Faili lako ukumbini halifunguliwi, watu ni wengi na ratiba imejaa, lakini kwenye korido wakati wa chai unaweza kumpata mtu anayeajiri, na huyo ndo faida yenyewe. Mwanafunzi asiyejua bado anapenda nini aanzie hapa, atasikia mada nane kwa siku moja na sita atajua hazimhusu, hiyo nayo ni elimu. Aliyeshajua anataka nini ataona anapoteza Jumamosi.

Adobe, ambayo kundi lake liko Kariakoo

Utaniuliza Photoshop na Illustrator kundi lao liko wapi, maana ndo programu zinazotumika kuliko zote mtaani. Kwa wenzetu Marekani na Uingereza vikundi vya watumiaji wa Adobe vilikuwepo miaka mingi, wanakutana ukumbini kila mwezi. Hapa kwetu mimi nina nadharia yangu kwa nini hakijasimama, cheka tu. Tangu 2013 Adobe matoleo mapya ni ya kulipia kila mwezi kwa dola na kadi, kwa hiyo chumba cha watu thelathini unaowaita kwenye mkutano wa wazi wa Adobe, wangapi watakuwa huru kufungua laptopu mbele ya projekta? Kila mtu atasema ameisahau nyumbani. Kundi la watu wenye kraki, programu za kuvunjwa wasizozilipia, haliwezi kuwa na bango mlangoni.

Kwa hiyo lipo bila bango. Liko Kariakoo kwenye vyumba vya kuprinti, kwa wenzetu Nairobi nenda River Road utaona kitu kilekile. Vijana wanne, mashine moja ya bango inanguruma, kompyuta ina CorelDRAW na Illustrator, feni, na foleni ya watu wenye flashi mikononi. Hapo faili lako litafunguliwa utake usitake, kwa sababu lisipofunguka hamna hela. Na watalifungua mbele ya watu wote. "Kaka fonti yako huku haipo, hukuvunja maandishi yawe michoro." "Hii picha umeitoa WhatsApp, kwa mita tatu itakuwa vumbi." "Huna blidi, ile ziada ya kukatia, ongeza milimita tatu kila upande au nikukate jina la bibi harusi."

Mimi bluu nimeijulia huko. Nilikuwa na logo ya bluu kali ya kwenye skrini, kwenye kitambaa ikatoka zambarau, nikaanza kulalamika mashine yenu mbovu. Kulikuwa na mzee mmoja amekaa kwenye stuli, yeye kaanzia enzi za kupanga herufi za risasi, nikamwamkia shikamoo, akaitika, akasema kijana umedizaini kwa taa sisi tunaprinti kwa wino. Akavuta karatasi ya rangi zilizoprintiwa tayari na namba zake za CMYK, rangi nne za wino, chini, akaniambia chagua bluu hapa, andika namba zake, kila ukija tumia hizo, na punguza magenta. Ile karatasi niliipiga picha na bado ninayo kwenye simu. RGB, rangi za taa za skrini, na CMYK nilikuwa nimeshaisoma mara tatu kabla ya siku ile na sikuwa nimeielewa.

Tatizo la kijiwe cha kuprinti ni kwamba hakina muda. Ukienda Jumamosi yenye harusi utafukuzwa kwa macho. Nenda Jumanne au Jumatano mchana, nenda na kazi ya kulipia hata kama ni ya elfu kumi, nunua soda za wale vijana, kaa pembeni uangalie mafaili ya wengine yakifunguliwa. Na hawatakufundisha websaiti, wengine watakutania ukiwaambia unadizaini vitu visivyoprintiwa. Kama hutaki mambo ya kraki, siku hizi njia zimefunguka, Inkscape na GIMP ni bure toka zamani, na Affinity ambayo Canva waliinunua 2024, mwaka 2025 wakaiachia bure. Ila uliza kwanza kijiweni kwako wanapokea faili la aina gani, PDF safi wengi wanaipokea.

Lugha na nauli

Hili watu hawaliandiki lakini linaamua. Slaidi za WordPress, Figma na GDG karibu zote ni za Kiingereza, mzungumzaji anaanza kwa Kiingereza cha ukumbini, halafu ukifika muda wa maswali mtu mmoja jasiri anauliza kwa Kiswahili na chumba kizima kinapumua. Kuwa huyo jasiri. Sijawahi kuona mtu akichekwa kwa hilo, nimeona watu wakikaa miezi sita kimya na swali zuri mfukoni. Kijiweni Kariakoo hamna shida hiyo, hata RGB inatamkwa kwa Kiswahili.

Nauli nayo. Vikao vingi vinafanyika kwenye hab, vile vituo vya ubunifu wa teknolojia, na hab zinakaa upande mmoja wa mji. Hab ya Buni pale COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, Kijitonyama ndo ilikuwa kiwanja cha wengi wetu tangu 2011, kama iHub ya Nairobi ilivyokuwa kwa Wakenya kuanzia 2010 kule Ngong Road. Mtu wa Chanika au Kongowe akitoka kwake saa kumi na mbili anafika wamemaliza kujitambulisha, hapo bado hajala. Kwa huyo kundi zuri linalokutana kila wiki Kijitonyama linaweza kuwa baya kuliko kundi la kawaida la mara moja kwa mwezi lililo karibu na kituo cha mwendokasi. Hesabu nauli ya kwenda na kurudi, hesabu bando, hesabu Jumamosi ambayo ungefanya kazi ya mteja, halafu ndo uangalie mada.

Sasa wale wawili

Dogo wa chuo, kaa GDG ya hapo chuoni kwenu muhula huu mmoja, haikugharimu nauli. Ukijua kama mkono wako uko kwenye kuandika kodi za programu au kwenye kudizaini, hama. Kama ni kudizaini nenda Figma na upeleke kazi yako kikao cha pili, usisubiri iwe nzuri, ikishakuwa nzuri utaenda kutafuta sifa. WhatsApp ingia moja tu na uizime sauti.

Wa Tabata, wewe kundi lako unalo tayari, unaenda Kariakoo kila siku na unasimama mlangoni. Ingia ndani, kaa. Halafu wateja wako wa kadi za harusi wameshaanza kukuuliza "na linki ya mwaliko unatengeneza?", nimekusikia ukisema mwenyewe, kwa hiyo WordPress mara moja kwa mwezi itakulipa kabla ya krismasi. Figma achana nayo kwa sasa. GDG sahau.

Na kama uko Kahama, Songea, Kigoma, na ukitafuta hupati kikundi chochote hai karibu yako, watano mnatosha. Sisi tulianza hivyo, baada ya kuchoka nauli za mjini, nyuma ya duka la mmoja wetu huku Mbezi. Sheria tuliiweka moja, kila anayekuja aje na faili moja lililoharibika, asiye na faili anachemsha chai. Figma, Corel, WordPress, chochote, linawekwa kwenye tivii ya dukani kwa waya wa HDMI na watu wanaligombania. Jumamosi ya pili ya mwezi, saa nne. Ukija njoo na ekstensheni, soketi ziko mbili na moja ni ya friji.